Ukuta na Meza

Kuna maneno mawili tunayoyatumia kila siku hapa kambini bila kuyapima: "Ndivyo ilivyo." Maji yamechelewa, ndivyo ilivyo. Dada zetu hawaji kwenye vipindi vya vijana, ndivyo ilivyo. Mimi swali langu ni hili: kati ya yote tunayosema ndivyo yalivyo, yapi kweli hayasogezeki, na yapi yalisimamishwa tu na mtu, halafu tukasahau kwamba aliyasimamisha mtu?

Swali hili nimelipata mahali ambapo sikutegemea, kwenye treni za mfano. Rafiki yangu tuliyesoma naye hapa Nyarugusu alipata safari ya Marekani, sasa anaishi jimbo la Ohio. Jirani yake ni mzee mmoja mstaafu mwenye reli nzima katika chumba cha chini ya nyumba yake. Ina vituo, madaraja na milima ya plasta. Vijana wetu waliposikia walicheka sana: "Mtu mzima anacheza treni?" Ndiyo, anacheza, na wako wengi kama yeye, na mchezo wao una hesabu kali. Kipimo kinachopendwa zaidi huko ni moja kwa 87. Behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 23. Sasa chukua reli yetu ya kati hapa Tanzania, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiitengeneza yote kwa kipimo hicho utahitaji kilomita 14 hivi za reli ndogo. Nani ana nyumba ya namna hiyo? Kwa hiyo kupanga njia ni kuchagua nini utaacha. Unachukua kituo kimoja, mlima mmoja na bandari moja, mengine unayaaga.

Huyo mzee alikuwa na njia ya duara. Treni inaondoka, inazunguka ubao, inarudi ilipotoka. Kwa miaka ilimtosha. Baadaye akachoka, kwa sababu treni ya duara haina kazi: haipeleki mzigo, haina wa kumpokea. Akaamua kupanga upya, njia itoke mgodini mlimani na kushuka hadi bandarini. Rafiki yangu alikuwa anamsaidia siku za Jumamosi, huku akinitumia picha na sauti kwa simu.

Kabla ya kung'oa hata msumari, mzee alichukua karatasi. Njia hiyo ilienezwa na Mmarekani mmoja, John Armstrong, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu kupanga njia za reli. Unaandika orodha mbili. Ya kwanza ni vitu ulivyovikuta, ambavyo mpango lazima uvitii: ukuta, mlango, nguzo, tangi la kuchemshia maji. Ya pili ni vitu unavyovitamani. Ukichanganya hizo orodha umeharibu. Ukiandika matamanio upande wa lazima, utajibana bure. Ukisahau nguzo, treni yako itagonga nguzo.

Mzee akaandika: ukuta, mlango, nguzo, meza. Rafiki yangu akamuuliza, "Mzee, meza nayo? Si uliitengeneza wewe?" Mzee akanyamaza, kisha akalifuta lile neno. Ile meza aliipigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe miaka 20 iliyopita. Ilikaa muda mrefu mpaka ikaonekana kama ukuta.

Nilipeleka habari hii kwa vijana wetu, tukachora mstari katikati ya ubao wa chaki. Upande wa ukuta ulijaa haraka. Hapo tulipofika kwenye suala la wasichana kutohudhuria, kijana mmoja akasema ni tabia yao, hawapendi vikao, aandikwe ukuta. Msichana mmoja kati ya wachache waliokuwepo akajibu: "Kaka, bomba linafunguliwa saa tisa, kipindi chenu ni saa kumi. Nani atashika foleni?" Kumbe! Saa ya bomba hatuiwezi sisi, hiyo ni ukuta kwetu. Lakini saa kumi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ratiba tuliyorithi kwa viongozi waliotutangulia, nao waliipenda kwa sababu saa hiyo uwanja una kivuli. Hiyo ni meza. Tuliisogeza ikawa Jumamosi asubuhi, na sasa benchi la mbele linajaa wao. Jambo lililoitwa tabia ya wasichana lilikuwa ratiba ya wavulana.

Ila hapa nataka kwenda polepole, maana fundisho hili likiharakishwa linakuwa ukatili. Wapo wanaokuja kutuambia kila ukuta ni meza, ukibadilisha mawazo utabadilisha maisha. Hapana. Vita iliyotutoa Fizi na Uvira si mawazo. Mwambie mama aliyezika watoto njiani kwamba kizuizi chake kiko kichwani, umemtukana. Kumwita mtu mvivu kwa sababu hakusukuma ukuta ni dhambi kubwa kuliko kumwacha apumzike chini yake.

Tena kuna kitu cha tatu ambacho chumba cha mzee hakina, kwa sababu yeye mule ndani yuko peke yake. Kuna meza ya mtu mwingine. Kibali cha kutoka kambini, ukubwa wa mgao, siku ya kufungua ofisi, haya kwangu ni ukuta, nikiyasukuma najiumiza bega. Lakini hayakushuka na mvua. Kuna mahali watu walikaa wakaamua. Basi heshima ya kwanza ninayoiomba kwa ndugu zetu wa mashirika ni kusema ukweli wa jambo hilo. Msituambie "ndivyo ilivyo" pale ambapo ukweli ni "ndivyo tulivyoamua." Mkisema mliamua, tunaweza kuuliza kwa nini, na hata jibu likiwa hapana tutakuwa tumejibiwa kama watu. Ukuta hauulizwi, na anayejificha nyuma ya ukuta naye haulizwi.

Linabaki swali la kubomoa. Tuseme meza ni yako na unayo haki ya kuisogeza. Je, waliozoea kukaa pale unawadai au wanakudai? Mjukuu wa yule mzee alipoona reli zinang'olewa alilia. Yeye duara ndilo alilipenda: treni inakwenda na anajua itarudi. Kwa mtoto, kurudi ndiyo habari yote. Mzee alikaa na penseli yake wiki nzima, akapata pembe ya kuliweka duara dogo nyuma ya mlima, liungane na njia mpya. Hata John Allen wa Monterey, California, aliyejulikana sana kwa kazi hii, alipojenga reli yake kubwa aliiingiza ndani yake ile ndogo aliyoanza nayo. Hakuionea haya.

Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Kijana mmoja aliposikia hayo akauliza, sasa faida ni nini? Hapa kambini swali hilo tunalijua. Kwa nini upande mwembe, kwa nini usawazishe uwanja, kama kesho unaweza kuambiwa panda gari? Mimi najibu hivi: mwembe unakula kivuli chake leo. Na mtu aliyezoea kupanga anaondoka na mkono uliozoea kupanga, hata kama mpango umebaki nyuma.

Jambo lililonisumbua zaidi siku ile ya ubao wa chaki lilikuwa upande wa pili, wa matamanio. Upande wa ukuta tuliujaza kwa dakika tano. Upande huu ulikaa mweupe. Watu waliangaliana tu. Mwisho yule msichana wa foleni ya bomba alichukua chaki akaandika neno moja, "maktaba," akarudi kukaa.

Nawaomba wasomaji wa kambi mjaze upande huo nyumbani kwenu, hata neno moja. Na ninyi mnaoandika mipango kuhusu sisi, mnapochora orodha zenu mbili, angalieni mmetuweka wapi. Mara nyingi tunakutwa kwenye orodha ya kwanza, pamoja na nguzo na tangi la maji.