Msamaha wa Matibabu: Ni Aibu?

Ugonjwa mzito ukiingia katika nyumba, wengi wetu huku Dodoma huuza mtama wa ghalani, kisha mbuzi, mwisho ng'ombe wawili wa kulimia. Tukiwauliza kwa nini hawakuomba msamaha wa matibabu, hujibu, "Tutaonekana ombaomba."

Serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini mwaka 1993, iliweka pia msamaha kwa wasio na uwezo. Utaratibu umekuwa kupeleka barua ya mtendaji wa kijiji kwa afisa ustawi wa jamii. Tena Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, iliagiza uwepo mfuko wa kuwagharimia watu hao. Basi haki haiombwi kwa haya.

Lakini asiye na uwezo ni nani? Twaona si yule tu asiye na kitu, bali pia yule ambaye akilipa hatalima mwakani. Huyo na aombe mapema, kabla ya kuuza. Bali mwenye ng'ombe 50 akiomba barua hiyo, anakula fungu la jirani yake. Aibu iko hapo.