Mlango Huu Hauuzwi

Ukifika Barabara ya India, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, usiharakishe kwenda ufukweni. Simama mbele ya nyumba ya zamani iliyobanduka lipu uutazame ukuta wake. Utaona mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zilizobeba dari. Mafundi walioujenga hawakuwa na nondo wala saruji, na bado umesimama. Kinachouangusha leo si uzee. Ni maji, na ni sisi wenyewe.

Tuanze na maji. Bati likitoboka, mvua hupenya hadi pale boriti inapoingia ukutani, na ncha hiyo ndiyo huoza kwanza. Boriti ikioza dari inashuka, na dari ikishuka ukuta unabaki peke yake. Nyumba ambayo ingeokolewa kwa kiraka cha bati inageuka kifusi. Kisha tunakuja sisi na mifuko ya saruji, tukidhani tunaimarisha. Ukuta wa matumbawe lazima upumue: unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini hutokea nje kupitia chokaa. Saruji huvifungia ndani, jiwe likaliwa taratibu, na mwishowe lipu inaporomoka pamoja na uso wa ukuta. Mafundi wazee wa pwani wanalijua hili. Tuwaite, tuwalipe haki yao, na kila mmoja tumpe kijana wa kujifunza kazi kwake, maana fundi akiondoka na ujuzi wake, fedha za mfadhili yeyote hazitaurudisha.

Na huu si mji wa kuachwa ukaporomoka. Hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora ilipokuwa ikifikia bahari. Hapa ndipo watu waliotekwa bara walipopitishwa kwenda utumwani, na uchungu huo ni sababu ya kuzitunza kuta hizi. Wamisionari walijenga misheni yao mwaka 1868, mwili wa mpelelezi David Livingstone ukapitia hapa mwaka 1874, na Wajerumani wakaufanya mji kuwa makao makuu yao hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Tangu 2006 njia ya misafara iliyoishia hapa imo katika orodha ya awali ya UNESCO. Tuitafute hadhi kamili ya Urithi wa Dunia kwa nguvu zote, lakini orodha haizibi bati. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliipata mwaka 2000, na hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lake la Beit al Ajaib iliporomoka, ikaua mafundi waliokuwa wakiikarabati. Jengo linahitaji mtu wa kulikagua kila msimu.

Mtu huyo ni nani? Hapo ndipo penye ugumu wetu. Nyumba nyingi ni za urithi, zenye warithi wengi: mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Unguja, mwingine Omani, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Ndugu zangu, kaeni kikao cha ukoo mumteue mtunzaji mmoja. Mpeni ufunguo na mchango, hata kama ni mdogo. Nyumba yenye watu hudumu kuliko iliyofungwa, basi mpangisheni mama lishe, mchonga vinyago, au wasanii waliohitimu TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanaotafuta pa kufanyia kazi.

Siku moja atakuja mtu na fedha taslimu, aupapase mlango wenu wa nakshi na kutaja bei tamu. Mkumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mwambieni hauuzwi, kisha mwonyesheni wachongaji wa mji huu wanaoweza kumtengenezea mpya.

Masika huanza Machi. Viongozi wa mtaa, iteni mkutano sasa. Vijana, pandeni mapaani mkahesabu mabati yaliyotoboka, mzibue mifereji. Wenye nyumba, nunueni chokaa, acheni saruji dukani. Na wewe uliye mbali mwenye fungu katika nyumba ya babu yako, piga simu nyumbani leo uulize paa lina hali gani.