Waliokufa Njaa Ndani ya Tangi Safi



Wengi wenu mmeliona tangi la samaki lililo ofisini kwangu, pembeni mwa benchi la wanaosubiri. Ni dogo. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukishaweka mchanga na mawe, maji hayafiki lita 50. Nililiweka kwa sababu mtu aliyekuja na jambo zito anahitaji mahali pa kuelekeza macho kabla hajaanza kusema, na ukuta mtupu haumsaidii. Leo nataka niwaeleze kosa nililolifanya na tangi hilo, maana limenisumbua kuliko nilivyotarajia.

Wiki ya pili tu kioo kilianza kuwa kijani. Mwani ulitanda juu ya mawe kama utelezi wa ufukweni hapa Mwanza, nami nikaona aibu, wageni watasema nini. Nikaenda kwa muuzaji. Akaniambia, "Mchungaji, hilo ni jambo dogo, chukua wasafishaji." Nikachukua sita. Wanaitwa otosinklusi, samaki wa mito ya Amerika Kusini, sentimita 4 hivi, wana mstari mweusi ubavuni na mdomo wa kunyonya uliokaa chini ya kichwa. Nilipofika, kwa furaha ya kupokea wageni, nikasugua kioo na mawe yote yakang'aa, ndipo nikawaachia humo.

Hazikupita wiki mbili, wote sita walikuwa wamekufa. Matumbo yao yalikuwa yamebonyea kuelekea ndani.

Mfugaji mmoja mzoefu ndiye aliyenifungua macho. Otosinklusi wengi huvuliwa mtoni, husafirishwa siku nyingi bila kula, na hufika dukani wakiwa wamekwisha dhoofu. Chakula chao ni ule utando laini wa kijani juu ya mawe na majani, na tangi jipya bado halijauotesha wa kuwatosha. Ule kidogo uliokuwepo niliusugua mimi mwenyewe. Niliwanunua ili wale uchafu, nikawaondolea uchafu, nikawaangalia wakitembea juu ya kioo kitupu mchana na usiku nikidhani wanafanya kazi. Kumbe walikuwa wanatafuta chakula.

Nimelifikiri jambo hili pamoja na habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Mtumishi yule amechoka hadi anaomba kufa, amelala chini ya mti jangwani. Angalieni mpangilio wa Mungu. Hamuulizi kwanza kazi imefikia wapi. Malaika anamgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula. Swali la Mungu, lile la kumuuliza anafanya nini mahali pale, linakuja baadaye sana, Horebu, baada ya safari ya siku 40. Mungu alimlisha mtumishi wake mara mbili kabla ya kumhoji hata mara moja. Mimi niliwapa wale sita kazi bila mlo.

Baada ya hapo nilianza upya, na safari hii nilianza na mimea. Ndugu kadhaa wameniambia wanataka tangi nyumbani, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo. Mwani hauji kwa sababu hakuna wa kuula. Unakuja kwa sababu kuna mwanga na mbolea vilivyozidi. Tangi langu lilikaa mkabala na dirisha la magharibi, likipigwa na jua la alasiri. Tena kila mtoto wa Shule ya Jumapili aliyepita alitupia samaki punje zake za chakula, na kilichobaki kilioza chini. Nimelihamisha tangi, taa inawaka saa 8 tu kwa siku, na sasa mtoto mmoja ndiye mwenye zamu ya kulisha. Kila Jumamosi natoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ya bomba ipungue.

Mimea inayokua haraka ndiyo inayoupunguzia mwani chakula. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hujieneza yenyewe kwa machipukizi chini ya mchanga. Ipo pia seratofilamu, mmea usio na mizizi wenye majani kama mkia wa paka, ambao umo hata katika Ziwa Viktoria. Lakini msiende kuung'oa ufukweni, nawasihi. Konokono wa majini hubeba kichocho, na mtu anayesimama ziwani kuchuma majani ya bure anaweza kurudi na ugonjwa wa miaka. Kwenye kivuli niliweka anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, mgumu, wenye majani mazito. Huo haufukiwi, shina lake likizikwa mchangani huoza, hivyo nimeufunga kwa uzi juu ya jiwe. Hukua polepole mno, na ukiuweka chini ya taa kali majani yake ndiyo huwa ya kwanza kushikwa na mwani.

Kisha nikangoja. Katika majuma ya mwanzo tangi halina bado vijidudu vya kutosha vya kuigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati ambayo mimea huitumia. Kazi hiyo huchukua mwezi na zaidi, nayo haionekani kwa macho. Kwa otosinklusi nilingoja zaidi ya hapo, miezi mitano.

Katikati ya kungoja, muuzaji alinionyesha samaki mwingine wa rangi ya dhahabu, anayeitwa mla mwani wa China. Nilimkataa. Akiwa mdogo hula mwani kweli, lakini hukua hata kupita sentimita 25, huuacha mwani, na huweza kuwang'ang'ania samaki wenzake na kunyonya ute wa ngozi yao. Yupo pia kambare mweusi mwenye magamba magumu, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini hufika sentimita 40. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyoijali nafsi ya mnyama wake, na mimi naona kujali huko kunaanza dukani, kwa kuuliza kiumbe huyu atakuwa na ukubwa gani na atakula nini. Anayemnunua bila kuuliza atakuja kushindwa naye, na wapo wanaowabeba samaki kama hao usiku na kuwamwaga mtoni.

Sisi wa kando ya ziwa tunajua matokeo ya samaki kumwagwa pasipo pake. Wazee wenu wanawakumbuka furu, samaki wadogo wenye miiba waliokaushwa juani na kuliwa na kila mtu. Walikuwa mamia ya aina. Wengine walikwangua mwani kwenye miamba, wengine waliishi kwa masalia ya tope la chini. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 makundi makubwa ya furu yalikuwa yametoweka. Rutuba kutoka mashambani na mijini ikazidi kumiminika, mwani ukaongezeka, na wengi wa waliokuwa wakiula hawakuwepo tena. Ziwa lilipata samaki wa kuuza ng'ambo, nasi hatukuwahesabu wale wadogo hadi walipopungua.

Katika usharika wetu yupo mama anayefika saa kumi na moja alfajiri kila Jumapili. Anafagia, anapanga viti, anafuta madhabahu. Ibada tatu zinapita, naye anaondoka wa mwisho. Katika miaka yangu yote hapa nilimsifu mara nyingi mbele ya watu kwa usafi wa kanisa. Sikuwahi kumuuliza kama amekunywa chai. Nasema haya kwa ruhusa yake, na nimemwomba radhi.

Mwezi uliopita nilileta otosinklusi wengine sita. Kioo cha nyuma sikusugui tena. Kimebaki kijani makusudi, na mara mbili kwa wiki ninawawekea kipande cha tango lililochemshwa kidogo. Matumbo yao yamejaa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya tatu, mama yule aliingia ofisini na kitambaa chake, akaliona lile doa la kijani, akanyoosha mkono kulifuta.

"Shikamoo, mama. Hapo paache tu."

"Marahaba, Mchungaji. Si pachafu?"

"Ndicho chakula chao."

Akainama, akawatazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, hadi akawahesabu wote sita. Kisha akakikunja kitambaa chake, akaketi kwenye benchi, nami nikaenda kuleta chai.