Je, Tuna Deni kwa Mtu Aliyetufurahisha?

Mtu akikukopesha fedha, wajua una deni. Akikulimia shamba, wajua yakupasa kumpa mshahara wake. Lakini mtu aliyeufurahisha moyo wako, hata ukaruka kwa shangwe pamoja na jirani usiyesemezana naye, je, una deni kwake? Jumapili baada ya Misa vijana wetu wa Butembo na Beni hukimbilia uwanja wa mpira. Hushangilia mpaka sauti inakauka, kisha hurudi nyumbani. Ukiwauliza swali hili, wengi watajibu: “Tulilipa mlangoni, deni limekwisha.” Basi, tulipime jibu hilo kwa maisha ya mtu mmoja.

Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Mwaka 1973 alikuwamo katika Vita Club ya Kinshasa ilipotwaa kombe la vilabu vya Afrika. Mwaka 1974, huko Misri, alitia magoli 9 katika kombe la mataifa ya Afrika. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikwisha 2 kwa 2. Uliporudiwa, Zaire ilishinda 2 kwa 0. Magoli hayo yote 4 yalikuwa yake. Mpaka leo hakuna mwingine aliyefikisha magoli 9 katika mashindano hayo kwa mwaka mmoja.

Miezi michache baadaye Zaire ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kwa kombe la dunia. Ilishindwa michezo yake yote mitatu, na Yugoslavia iliifunga 9 kwa 0. Katika mchezo huo mwamuzi alipigwa teke, akamfukuza Mulamba uwanjani. Aliyepiga si yeye, bali mwenzake, naye alikiri baadaye. Wachezaji wenyewe wamesimulia kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Wala serikali ya siku zile haikuwaachia kwenda Ulaya kucheza kwa mshahara, kama Paul Bonga Bonga aliyekuwa amechezea Standard ya Liège tangu mwaka 1957.

Miaka ikapita, miguu ikachoka. Mwaka 1994 Mulamba aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi, wezi wenye bunduki walidhani amekuja na mali, wakampiga risasi mguuni. Rafiki mmoja alimweka nyumbani kwake miezi minane mpaka akapona. Mwaka 1996 alikimbilia Afrika ya Kusini, na huko Cape Town jamaa ya watu maskini walimpokea. Yule aliyeshangiliwa na taifa zima sasa alilinda magari ya wengine barabarani apate chakula.

Mwaka 1998, katika kombe la Afrika huko Burkina Faso, ilisemwa kwamba amekufa Angola katika machimbo ya almasi. Watu wote uwanjani wakasimama kimya dakika moja kwa heshima yake. Naye alikuwa hai! Alifariki tarehe 26 Januari 2019, huko Johannesburg.

Sasa turudie swali letu. Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, nayo yahitaji mchezo ili ipumzike. Kwa hiyo mwenye kutupa furaha kwa njia njema afanya kazi ya halali, astahili ujira. Lakini huyo Mtakatifu atenga madeni mawili: deni la sheria, ambalo hakimu aweza kukulazimisha kulilipa, na deni la shukrani, ambalo ni dhamiri tu inayolidai. Tiketi ya mlangoni yahusu deni la kwanza. La pili haliligusi.

Labda mtasema: “Lakini yeye alicheza kwa kupenda sifa yake mwenyewe.” Huenda. Mama naye hufurahi anapomnyonyesha mtoto wake. Je, kwa sababu hiyo mtoto hana deni kwa mama yake? Furaha ya mtoaji haifuti shukrani ya mpokeaji.

Wengine watasema: “Tulimshangilia, ndiyo malipo yake.” Ndugu, tujichunguze. Tuliposhangilia, furaha ilikuwa yetu. Shangwe ile ilikuwa sehemu ya zawadi tuliyopokea, si malipo tuliyotoa. Hata ile dakika ya kimya haikumgharimu mtu kitu. Kumbe kabla ya kumsimamia marehemu, ingefaa kwanza kuuliza kama yu hai, na kama amekula.

Kuna neno moja lililobaki, nalo ni zito: “Sisi ni mamilioni, tena maskini. Deni la watu wote nani atalilipa?” Kweli, deni la wote hugeuka kwa urahisi kuwa deni la mtu yeyote. Lakini tazameni nani alilipa. Alilipa yule rafiki mwenye nyumba. Ililipa ile jamaa ya Cape Town, ambayo haikumjua kama mshindi bali kama mkimbizi. Wagonjwa kumi wa ukoma waliponywa na Bwana wetu Yezu Kristu, akarudi mmoja tu kushukuru, naye alikuwa mgeni. Deni la shukrani hulipwa na yule aliye karibu.

Sisi wa Butembo na Beni twajua jambo hili. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwaka 2014, nyumba nyingi zimefungua mlango kwa watu waliokimbia. Ni nani ajuaye, kati ya hao wageni, yupi alikuwa mwalimu aliyefundisha watoto mia, yupi alikuwa mpiga ngoma wa kanisani, yupi alikuwa mchezaji aliyeshangiliwa kijijini kwake?

Basi, ndugu, kila mmoja wetu akumbuke juma hili mtu mmoja aliyeufurahisha ujana wake, kisha akasahauliwa. Asingoje habari ya kifo chake. Achukue mkungu wa ndizi au unga kidogo, aende kwake, abishe hodi, amwulize kama ameamka salama.