Mbio Zisizotajiwa Mkimbiaji: Kiapo cha Sura ya Al-Aadiyat

Sura ya 100 ya Kurani, Al-Aadiyat, yenye aya 11, huanza kwa kuwaapia waendao mbio huku wakihema, wanaotoa cheche, wanaoshambulia asubuhi, wakatimua vumbi na kuingia katikati ya kundi, lakini haisemi ni mnyama gani. Jina la sura linatokana na adw, mwendo wa kasi ambao kwa farasi Waswahili huuita shoti.

Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alisema wanaokusudiwa ni farasi wa vita. Ali bin Abi Talib, kwa mujibu wa riwaya zilizopokewa na mfasiri wa Kurani al-Tabari, alisema ni ngamia wa mahujaji watokao Arafa kwenda Muzdalifa, akitoa hoja kwamba katika vita vya Badr Waislamu walikuwa na farasi 2 tu. Al-Tabari mwenyewe, aliyefariki mwaka 923, aliegemea kauli ya farasi kwa hoja ya lugha, kwamba dabhu, yaani sauti ya pumzi ya mnyama akimbiapo, si sifa ya ngamia. Cheche nazo zinaunga mkono kauli hiyo, kwani ngamia hana kwato ngumu, na wanaomtetea hulazimika kuzifasiri kuwa ni mioto ya mahujaji.

Lililo gumu zaidi ni jawabu la kiapo, yaani jambo linaloapiwa: kwamba binadamu ni kanud, mwenye kukana neema za Mola wake, na kwamba anapenda mno mali. Baadhi ya wafafanuzi husema farasi humtii bwana wake hata vitani ilhali binadamu humwasi wake. Ufafanuzi huo unapendeza, ila sura haimtaji bwana wa farasi wala haisifu utii. Yaelekea uhusiano uko karibu zaidi, kwa kuwa uvamizi wa alfajiri ulikuwa kwa Waarabu wa zama hizo njia ya kujipatia mifugo na mateka, hivyo mbio zenyewe zinaonyesha mapenzi ya mali yakiwa kazini. Mzizi wa adw, isitoshe, umezaa pia udwan, yaani dhuluma ya kuvuka mipaka, na neno ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa adui.

Mtu aweza kupinga kwamba Mungu haapi kwa jambo la kulaumiwa, na pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, sura ya 91 huapa kwa nafsi, kisha papo hapo ikaeleza kuwa nafsi hiyo imefahamishwa uovu wake na uchaji wake.