Kuidanganya Mashine

Je, mashine yaweza kudanganywa? Kwa haraka mtu atajibu kwamba haiwezi, kwa kuwa adanganywaye hana budi awe na akili ya kuamini, na mashine haina akili wala imani. Mimi nami nilijibu hivyo. Lakini jibu hilo lilinigharimu usiku mmoja wa kukesha mjini Kasulu, na tangu hapo silitoi tena kwa wepesi.

Mashine yenyewe ni chaja ndogo inayoenea kiganjani, ya aina watumiayo watu wanaorusha ndege za kuchezea. Mimi sina ndege. Nina ugonjwa wa betri tu, na nadhani niliupata zamani, kama wengi wa rika langu hapa Kibondo. Tulikua tukianika betri za National juani ili redio iseme japo taarifa moja zaidi ya habari. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na watu wakaanza kumiminika kuvuka mpaka kuja Kibondo na Kasulu, nakumbuka wanaume wazima wameizunguka redio moja, sauti ikififia, na mwenye redio akizitoa betri na kuziuma kwa meno ili zitoe pumzi ya mwisho. Baadaye zikaja betri za gari, zilizobebwa kwa baiskeli hadi penye jenereta, kisha sola. Mwaka 2022 tukaunganishwa na gridi ya taifa. Hata hivyo taa za betri hazijaondoka majumbani, maana nguzo kupita barabarani ni jambo moja, na waya kuingia ndani ya nyumba ni jambo jingine.

Chaja hii ina tabia moja ninayoipenda: haifanyi kitu kabla ya kuuliza. Chaja ya simu unaichomeka ukaenda zako, kwa sababu aliyeitengeneza alijua itakutana na betri ya namna moja. Hii haijui itakutana na nini. Kwa hiyo inakuuliza kwanza betri ni ya aina gani, ya risasi, ya nikeli au ya lithiamu. Halafu inauliza ni seli ngapi zilizofuatana. Mwisho inauliza isukume ampea ngapi. Seli ya risasi ina volti 2, ya nikeli volti 1.2, na ya lithiamu ya kawaida volti 3.7, nayo ikijaa isipite 4.2. Kuhusu ampea, fundi aliyenifundisha alisema betri ya ampea-saa 2 isisukumwe zaidi ya ampea 2. Mimi kwa woga wangu huweka 1 na kwenda kupalilia.

Ila swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloiambia chaja lini iache. Seli ya nikeli ikijaa, volti yake hushuka kidogo, na chaja huungojea mshuko huo. Lithiamu haishuki. Hivyo basi, ukiiambia chaja kwamba lithiamu ni nikeli, itangoja ishara isiyokuja, huku ikisukuma umeme, mpaka betri ivimbe au ishike moto. Nayo itakuamini. Haina macho ya kuona ulichokichomeka. Inachoweza kukipima yenyewe ni volti, na pale tu ndipo inapoweza kukukatalia.

Ndipo ilipokatalia betri ya jirani yangu. Huyu ni mama mtu mzima, muuza dagaa, ambaye humwamkia shikamoo kila asubuhi naye huniita Mwalimu. Taa yake ya sola ilikuwa na betri ya lithiamu ya seli tatu, na betri hiyo ilikuwa imekaa bila kuchajiwa masika nzima alipokwenda kuuguza ndugu. Nilipoipima, seli mbili zilikuwa na volti kama 2.5 kila moja, na ya tatu 1.6. Nikaijibu chaja kwa uaminifu: lithiamu, seli tatu. Ikapiga mlio na kuandika kwamba volti ni ndogo mno. Nikarudia. Ikakataa tena.

Mafundi wanajua njia ya kuipita chaja hapo. Unaiambia kwamba ni nikeli. Kwa nikeli haijali udogo wa volti, itaanza kusukuma. Wewe unakaa hapo hapo na mita mkononi, ampea 0.1 tu, mpaka kila seli ifike volti 3, kisha unaizima na kuiambia ukweli. Nilifanya hivyo. Mama alikuwa ameketi kwenye gogo nje akiningoja, na kibaba cha maharage alichoniletea kilikuwa tayari jikoni kwangu. Nilibonyeza ‘nikeli’ bila kusita. Baada ya muda betri ikaamka, nikairudisha kwenye lithiamu, ikajaa vizuri hadi 12.6, nami nikamkabidhi nikisema, “Imepona, mama.” Akanishukuru na kuniombea kwa Mungu.

Sasa chaja haikukataa kwa ukaidi. Seli ya lithiamu ikishuka mno, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake, na yaweza kutoboa ule utando unaotenga pande mbili za seli. Seli nyingine hupona zisidhuru kitu kwa miaka. Nyingine hupata moto wiki ya pili, usiku, bila kuguswa. Nilikuwa nayajua haya. Sikumwambia.

Siku ya tatu nilisafiri kwenda Kasulu kwenye msiba. Usiku, nikiwa nimelala sebuleni kwa wenyeji wangu, nikaikumbuka ile seli ya 1.6, na nikakumbuka kwamba taa ile hulala chini ya kitanda anacholala mama pamoja na mjukuu wake. Sikulala tena. Saa kumi na moja alfajiri nikapiga simu, nikijifanya naulizia mbuzi wangu. Mbuzi alikuwa mzima. Taa ilikuwa inawaka, akasema, kuliko ilipokuwa mpya.

Je, nilimkosea nani, na lini? Nilipobonyeza ‘nikeli’, au niliposema “imepona”?

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika makala fupi kumjibu Benjamin Constant, kuhusu kile kinachodhaniwa kuwa haki ya kusema uongo kwa ajili ya kumtendea mtu wema. Constant alikuwa amesema kwamba wajibu wa kusema kweli upo tu kwa yule mwenye haki ya kuambiwa kweli. Muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha ndani hana haki hiyo. Kant akakataa. Kwake uongo ni kosa hata mbele ya muuaji, na asemaye uongo atajibu kwa yote yatakayotokea, hata asiyoyatazamia. Mimi katika hilo la mlangoni niko na Constant. Mtu aliyeishi mpakani katika miaka ile hahitaji kuelezwa sana kwa nini.

Nilijaribu basi kujitetea kwa hoja ya Constant: chaja haina haki ya kuambiwa kweli, kwa hiyo sikumkosea mtu. Hoja ni nzuri, lakini ilinishinda kuilalia. Swali lile halikuwa la chaja. Liliwekwa mle na binadamu aliyekaa mahali fulani akifikiri juu ya mtu asiyemjua, atakayelala karibu na betri hiyo. Alijua hataweza kuwapo siku hiyo kumlinda, akaacha swali liulize kwa niaba yake. Chaja iliponiuliza ni aina gani, aliyekuwa akiuliza kwa kweli ni yule mama aliyeketi kwenye gogo, ambaye asingeweza kuuliza mwenyewe kwa kuwa hakujua kuna la kuulizwa. Ndiyo maana nasema sasa kwamba mashine yaweza kudanganywa, ila uongo haukai ndani yake. Unapita, unaenda kumtafuta mwenyewe.

Hata hivyo sijutii kubonyeza. Msomaji asinielewe vibaya. Betri ile ilikuwa na thamani ya mauzo yake ya siku nyingi, na kuitupa kwa kuwa mashine imepiga mlio ingekuwa ni woga tu wa mtu asiyelala gizani. Kama nikirudishwa siku ile ningebonyeza tena. Ninalolijutia ni lile neno moja, “imepona”.

Niliporudi nikaenda kumwambia. Nilimweleza yote, na shaba, na utando, nikitazamia ataogopa. Hakuogopa, alikasirika. Akasema, “Sasa Mwalimu, kwani mimi ni mtoto? Ungeniambia, ningeilaza nje.” Basi. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyekesha nikiwaza Kant. Nilikuwa nimepima mawili tu, kuitupa au kuifufua, na la tatu alikuwa nalo yeye: kuitumia jioni na kuilaza nje juu ya jiwe. Taa hulala hapo hadi leo, na ingali inawaka. Maharage alikataa kuyachukua nilipotaka kumrudishia.

Tangu siku hiyo, mtu akileta betri, namsomea maswali ya chaja kwa sauti, na ikikataa namwambia imekataa kwa nini. Wengi husikiliza. Lakini mwezi uliopita alikuja kijana wa bodaboda na betri ya spika, volti zake zimeanguka kabisa, nikaanza kumweleza. Akaniinulia mkono. “Mwalimu, wewe fanya tu. Usiniambie, nikijua nitashindwa kuitumia.” Nilimwambia vivyo hivyo mpaka mwisho, na sina hakika kama nilikuwa na haki. Alisikiliza huku akichezea simu yake, akalipa, akaifunga betri kwenye pikipiki kwa mpira, akaondoka.