Farasi Aliyemzaa Pacha Wake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda leo kusema juu ya jambo lililoulizwa katika darasa yetu baada ya sala ya Ishaa, nalo likanitia aibu, kama mtakavyoona.

Kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliuliza: "Shekhe, nimesoma kwamba ng'ambo huchukuliwa kipande cha ngozi ya farasi, akapatikana farasi mwengine aliye mfano wake, pasi na dume. Ikiwa ni kweli, tutaifahamu vipi aya isemayo kuwa viumbe hawawezi kuumba hata nzi?" Mzee mmoja alimkemea akamwambia alete istighfari. Nami, badala ya kumtetea, nikasema hayo ni maneno yasiyo na asili, tukaendelea na kitabu. Kijana akanyamaza, na siku nyingi baada ya hapo hakuonekana darasani. Nilipochungua nikaona habari aliyoitaja ni ya kweli, na ya kwamba mimi ndiye niliyesema nisilolijua. Basi makala haya ni jawabu yake, tena ni udhuru wangu kwake mbele ya watu, kwani nilimnyamazisha mbele ya watu.

Wanavyuoni wetu husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tulifahamu jambo lenyewe kwanza. Mwili wa mnyama umejengwa kwa seli nyingi ndogo zisizoonekana kwa macho, na ndani ya seli mna kiini chenye urithi karibu wote wa mnyama huyo. Wataalamu huchukua yai la jike, wakakitoa kiini chake, kisha wakatia mahali pake kiini cha seli ya mnyama wamtakaye. Yai huamshwa kwa umeme au kwa dawa hata likaanza kugawanyika, kisha likatiwa tumboni mwa jike. Kazi hii kwa Kiarabu huitwa istinsakhi, yaani kunakili, na wengine huiita kloni.

Kondoo aliyeitwa Dolly alizaliwa hivyo Scotland tarehe 5 Julai 1996, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mkubwa. Tarehe 28 Mei 2003, katika mji wa Cremona, Italia, alizaliwa farasi wa kwanza wa namna hii, akaitwa Prometea. Na ajabu ya farasi huyu ni kwamba jike aliyetolewa kipande cha ngozi ndiye huyo huyo aliyechukua mimba. Basi alimzaa pacha wake mwenyewe. Na wasidhani watu kuwa jambo hili liko Ulaya tu. Dubai, tarehe 8 Aprili 2009, alizaliwa ngamia aitwaye Injaz, kutokana na seli za ngamia aliyekwisha kuchinjwa mwaka 2005.

Amma kwa upande wa imani, hapana katika haya jambo la kumtikisa Muislamu. Neno kloni lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kijiti. Nasi watu wa pwani tumekuwa tukipanda mihogo kwa vijiti tangu zamani za babu zetu. Mkulima hukata kijiti cha mhogo aliopendezwa nao, akakichomeka ardhini, ukaota mhogo ule ule, pasi na mbegu. Je, yuko mtu aliyesema kwamba mkulima ameumba mhogo? Qur'ani yatuuliza katika Sura ya Waqia juu ya mbegu tuzipandazo, kuwa ni sisi tuziotashao au ni Yeye. Na jawabu ya mkulima ndiyo jawabu ya mtaalamu wa Cremona. Seli hakuiumba, aliikuta. Yai hakuliumba, alilikuta. Na ile miezi kumi na moja ya mimba ya farasi hakuiendesha yeye.

Walakini nataka kutahadharisha jambo moja, kwani mimi mwenyewe nililianguka. Tusijenge imani yetu juu ya yale ambayo wataalamu hawajayaweza. Wao kila mwaka huyaweza mengine, na imani iliyojengwa hapo itakuwa ikihama kila mwaka kama mpangaji asiye na kodi. Imani yetu ni kwamba sababu na matokeo yake vyote ni vya Mwenyezi Mungu. Yeye aliyemleta Nabii Isa pasi na baba, na Adam pasi na baba wala mama, hafungwi na njia moja ya kuzalisha.

Wale wataalamu walimpa farasi wao jina la Prometea kwa kufuata hadithi ya Wayunani wa kale, ya Prometheus aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu. Jina hilo lafaa kwa wanaodhani kuwa elimu ni kitu cha kumwibia Mungu. Sisi kwetu elimu haiibiwi. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanadamu asilolijua. Basi kijana anayeuliza si mwizi, na mzee anayemkemea si mlinzi wa dini.

Amma kwa upande wa sharia, wako wasemao kuwa huku ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Shetani aliapa katika Sura ya Nisaa kuwa atawaamrisha watu kulifanya. Twasema: mwenye kunakili hakubadili umbo, amelikariri. Na tangu zamani watu wamekuwa wakiingilia uzazi wa wanyama. Nyumbu azaliwaye kwa punda dume na farasi jike hapatikani ila kwa mkono wa mtu. Mtume wetu s.a.w. alipoambiwa na Sayyidna Ali kwamba wakipandisha punda kwa farasi watapata mfano wa nyumbu aliyempanda, alijibu kuwa hufanya hivyo wale wasiojua. Baadhi ya wanavyuoni wakaliona jambo hilo ni makuruhu, wakasema sababu ni kuchelea farasi wasipungue. Wengine wakaliruhusu, kwani Mtume mwenyewe alimpanda nyumbu, na Sura ya Nahli imemtaja pamoja na farasi na punda katika neema. Na Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, ilikataza kumnakili mwanadamu, kwa yale yatakayofuata katika nasaba na heshima yake. Amma mimea na wanyama, iliruhusu ndani ya mipaka ya sharia, kwa kuleta maslaha na kuondoa madhara.

Basi je, tumemaliza? La. Hapa ndipo swali lenyewe linapoanza. Neno maslaha ni zito, na si kila mtu alitajaye huwa analo.

Tutazame ile kazi ya Cremona. Mayai yaliyotiwa viini yalikuwa 841. Katika hayo, yaliyokua hata yakafaa yalikuwa 22. Yakatiwa 17 katika matumbo ya majike tisa. Zikapatikana mimba nne. Akazaliwa mtoto mmoja. Yai ambalo halijakua si kitu cha kuhisi maumivu; lakini jike anayetiwa mimba, ikakua kisha ikaharibika, yeye ahisi. Na maumivu hayo ni kwa ajili ya nini?

Nchini Argentina kuna mchezo wa polo, na farasi jike mashuhuri katika mchezo huo aitwaye Cuartetera amenakiliwa mara nyingi. Mwaka 2010 nakala yake moja iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 800,000. Mwaka 2016 mchezaji Adolfo Cambiaso aliingia katika fainali kubwa ya Palermo, mjini Buenos Aires, akawapanda kwa zamu nakala sita za farasi huyo mmoja, na timu yake ikashinda.

Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba farasi ni kwa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, naye ni yule aliyemfunga kwa kujifakhiri na kujionyesha. Tazameni vipi farasi ni mmoja, na hukumu zake ni tatu! Tofauti haimo katika farasi wala katika namna alivyozaliwa, imo katika nia ya mwenye kumfunga. Basi anayenakili wanyama ili kuhifadhi aina inayokaribia kutoweka, au kupata maziwa ya kuwalisha watu, au dawa, huyo hukumu yake ni moja. Na anayewatia majike mimba za kuharibika ili apate farasi wa kushangiliwa, au ngamia wa kushindana kwa uzuri, huyo ajitazame ni yupi katika wale watatu.

Nasi tusifurahi upesi kwa kuwa wenye kulaumiwa wako mbali. Sisi hatuna farasi wa dola laki nane, tuna punda. Lamu na vijiji vyake hawa ndio wachukuao mawe, mchanga na maji yetu. Je, hatumwoni punda mwenye kidonda mgongoni akatiwa mzigo juu ya kidonda? Hatumwoni mtoto akimpiga, na babaye yuko barazani, naye haoni kuwa hilo ni la kukatazwa? Mtume s.a.w. alimwambia mwenye ngamia kwamba mnyama wake amemshitakia njaa na kuchoshwa. Punda wetu nao wana la kushitaki. Mtu hawezi kumuuliza mtaalamu wa Italia amemfanya nini farasi, hali yeye hajajiuliza amemfanya nini punda wake.

Basi hilo ndilo tulilolipata katika swali la yule kijana. Yeye aliuliza ni nani aliyeumba, na jawabu yake haikutikisika: ni Mwenyezi Mungu, jana na leo, kwa dume na pasi na dume. Lakini swali lake limetuachia jengine lililo zito kwetu, nalo ni: sisi tuliokabidhiwa viumbe hivi, tutaulizwa nini juu yao?

Nami namwambia: ewe mwanangu, rudi darasani. Mahali pako pako wazi, na swali lako lilikuwa bora kuliko jawabu yangu.

Wallahu aalam.